Siku Tano na Mount Gelai

Jumatatu

Nimetoka Kericho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, begi moja mgongoni. Mimi ni mtu wa boila katika kiwanda cha majani chai. Kazi yangu ni kuni, maji na mvuke, na ule mshale wa geji nimeutazama kwa miaka kumi na minne kuliko nilivyomtazama mke wangu. Aliyeniita Nairobi ni mjomba, ndugu wa mama, aliyekuwa fayaman wa reli, yaani mchochea moto wa injini, siku za mwisho za mvuke. Wiki iliyopita alipiga simu akasema: "Mpwa wangu, chukua likizo uje umkague Gelai. Nataka kujua kama anaweza kuamka."

Gelai ni injini. Namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya zile injini 34 za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki, kila moja ikapewa jina la mlima. Kwenye reli ya upana wa mita moja, hakuna injini ya mvuke yenye nguvu zaidi iliyowahi kutembea duniani. Zimebaki mbili tu, na zote ziko Nairobi. Mjomba huitaja injini hiyo kwa "yeye", kama mtu. Mimi nasema "hiyo", naye hunitazama kama nimemtukana jirani.

Tulipata pancha karibu na Mau Summit, na spea nayo haikuwa na upepo. Dereva akatuambia tusiwe na wasiwasi, kisha akapotea kwa bodaboda saa nzima. Baridi ya pale unaijua. Nilisimama kando ya barabara nikifikiria kwamba reli ya kwenda Kisumu nayo inapanda huku huku juu, na kwamba mwaka 1901 kuna watu walioileta injini hadi ziwani kwa kuni na maji ya mito. Sisi tumeshindwa na tairi moja.

Nimefika Makadara, kwa mjomba, saa tisa alasiri. Jioni tulikula ugali na omena, na mjomba akaanza hadithi ya mchanga, ambayo nimeisikia tangu nikiwa darasa la tatu na sikuwahi kuielewa mpaka nilipoajiriwa. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, si makaa. Masizi ya mafuta yanaganda ndani ya mirija ya boila na joto halipiti tena vizuri. Basi fayaman anachota mchanga kwa kijiko kirefu, anautupa kwenye tanuri wakati injini inavuta kwa nguvu, na ule upepo wa moto unaunyonya mchanga kupitia kwenye mirija, unayakwangua masizi, unayatapika kwa bomba la juu. "Moshi mweusi kama usiku," anasema mjomba. "Tukifanya hivyo Athi River, akina mama wanakimbia kuanua nguo wakitutukana kwa Kikamba." Kiwandani sisi tunazima boila na kuingiza brashi. Wao walifanya kazi hiyo treni ikiwa inapanda mlima.

Jumanne

Makumbusho ya Reli yako mwendo mfupi kutoka stesheni kuu, na yamekuwapo tangu 1971. Ndani tulipita upesi. Vyombo vya sahani, taa, simu za zamani. Kwenye behewa ambamo simba alimtoa Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, pale Kima mwaka 1900, watoto wa shule walikuwa wamejazana wakisukumana, kila mmoja anataka kuona dirisha. Mjomba hakusimama. Alikuwa ameshatoka nje.

Nilimkuta amechutama chini ya injini. Alipitisha kidole chini ya kikombe cha ekseli, akakitoa, akakinusa, kisha akakifutia kwenye mkono wa shati langu. "Vumbi," akasema. "Zamani ungenusa mafuta ya silinda kutoka hapa mpaka getini."

Picha haziisemi ilivyo kubwa. Urefu futi 104, yaani zaidi ya mita 31. Uzito tani 252. Magurudumu 28, kumi na sita kati yake ya kuvuta. Lakini kilichonisimamisha mimi ni boila. Ina kipenyo cha futi 7 na inchi 6, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli inayoibeba. Kwenye injini ya kawaida boila hukaa juu ya magurudumu makubwa, na magurudumu yanaibana isinenepe. Garratt wameigawa injini mara mbili, seti moja ya silinda na magurudumu mbele na nyingine nyuma, boila ikaning'inizwa katikati kama maiti kwenye machela, mmoja kabeba kichwani na mwingine miguuni. Chini ya boila hakuna gurudumu, kwa hiyo inanenepa inavyotaka. Na kwa sababu wabebaji wawili kila mmoja anageuka kivyake, jitu hili liliweza kupinda kona zote za kutoka Mombasa.

Nikauliza swali langu la kazi: inafanya kazi kwa presha gani? Mjomba akajibu bila kufikiri: "Mia mbili ishirini na tano." Ni paundi kwa kila inchi mraba, karibu baa 15 na nusu. Boila yangu ya Kericho haifiki 10, na hata hiyo naiheshimu.

Sasa ukaguzi. Niseme ukweli, kwa macho tu huwezi kukagua boila. Rangi mpya ya damu ya mzee inapendeza na inaficha. Nilizunguka mara tatu nikitazama mahali ambapo kwa kawaida kutu huanzia: chini ya sanduku la moshi, kwenye maungio ya sahani, yaani mabamba ya chuma ya boila, pembeni mwa vizibo vya kusafishia. Masizi ya mafuta mazito yana salfa, yakipata unyevu yanageuka tindikali inayokula chuma taratibu, na injini iliyosimama huliwa kuliko inayotembea. Hilo watu hawaliamini. Wanadhani kupumzika kunahifadhi.

Jambo moja lilinipa moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 injini hii ilifufuliwa ikavuta treni kutoka Nairobi, pamoja na 3020 Nyaturu, iliyo ndogo kuliko yenyewe. Kwa hiyo haikusimama moja kwa moja tangu siku za mjomba. Mtu mwingine ameshafungua boila ile, akaipima, akaiwasha. Aliyepona mara moja huwa na faili hospitalini, na kwa mtu wa boila faili ni nusu ya kazi.

Kisha nikafanya kosa. Pale pale uani kuna dada yake, 5930 Mount Shengena. Nikasema kwa sauti kwamba njia rahisi ni hii moja kutoa vipuri na nyingine kupokea. Mjomba alinyamaza mpaka tulipofika stendi ya Railways.

Usiku ndipo aliposema. Gelai na Shengena yote ni milima ya Tanzania, mmoja karibu na Ziwa Natron na mwingine kule Upare. Injini namba 5901 iliitwa Mount Kenya, nayo ilikatwa ikawa vyuma chakavu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ikachukua chake. "Milima ya majirani ndiyo iliyobaki kwetu," akasema, "na wewe unataka kuchinja mmoja."

Jumatano

Leo tumekwenda Kaloleni kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi boila katika karakana ya reli. Sikio moja limekufa kabisa na jingine linajikongoja, matokeo ya miaka ya kugonga ribiti ndani ya chuma, kwa hiyo mazungumzo yote yalikuwa ya kupiga kelele, na majirani walishiriki wapende wasipende.

Kabla ya chai kumiminwa aliniuliza: "Boila yako unaingia mwenyewe au unatuma kijana?"

"Naingia mwenyewe, mzee."

"Haya, keti."

Nilikaa saa tatu. Hivi ndivyo alivyoipanga kazi, kwa kadiri nilivyoweza kuandika. Kwanza unavua koti la nje la boila, na hapo unahitaji watu wenye kibali, maana injini za miaka ile zilivikwa asbesto. Halafu unatoa mirija yote. Yote, si ile inayoonekana mibovu. Ukishaitoa unapata nafasi ya mtu kuingia na kupima unene wa sahani kila baada ya shibiri moja. Zamani walipima kwa nyundo na sikio, sahani nzima inalia kama kengele na iliyoliwa inalia kama debe. Siku hizi kuna kifaa cha mawimbi ya sauti kinachokupa unene kwa namba. "Kifaa hicho hakikuwapo," mzee akapiga kelele akigusa sikio lake, "ndiyo maana hili nalo halipo."

Kisha stei. Tanuri la injini ni sanduku ndani ya sanduku, katikati yao kuna maji, na mamia ya vijiti vya chuma vinayashika masanduku hayo mawili yasiachane kwa presha. Vijiti hivyo ndivyo stei. Ikikatika moja, jirani zake zinabeba mzigo wake. Zikikatika tano za pamoja, mzee alifanya ishara ya mikono ambayo sitaieleza. Kila stei hutobolewa tundu dogo ili ikikatika mvuke uvuje hapo ukusalitie siri. Fundi mvivu huziba tundu kwa rangi. Aliwahi kumwona mmoja akifanya hivyo, na miaka yote hii bado anamtukana.

Mwishoni unajaza boila maji mpaka pomoni na kusukuma presha ipite ile ya kazi. Maji, si hewa wala mvuke. Maji hayabonyei, kwa hiyo mahali dhaifu pakipasuka yanatiririka tu na watu wanalowa viatu. Hewa ingeondoka na ukuta. Hili nalijua, ndivyo tunavyofanya Kericho, lakini ilikuwa raha kulisikia likipigiwa kelele kwenye kibaraza cha Kaloleni.

Na vipuri je? Beyer, Peacock walifunga 1966. North British wa Glasgow, waliounda Nyaturu, walikuwa wameshafunga 1962. Hakuna wa kumpigia simu. Mzee akasema nenda Kariobangi.

Tukaenda. Pale Light Industries kuna vijana wanaoyeyusha chuma kwenye tanuri la kutengeneza wenyewe. Nilimwonyesha mmoja picha ya kiatu cha breki kwenye simu. Akaivuta ikawa kubwa, akauliza kina uzito gani, akauliza kama ni chuma cha kawaida cha kumimina, kisha akasema: "Niletee sampuli ya mbao, nikutolee hata ishirini." Hakuuliza ni cha gari gani. Nilipomwambia ni cha treni ya 1955 akacheka akaendelea na kazi. Viatu vya breki, basi, tunavyo. Vikombe vya shaba vya ekseli, kwa fundi mzuri wa kerezo, tunavyo. Mirija itabidi iagizwe, lakini ni mirija ya boila kama ya kwangu, si dawa ya ajabu. Kwenye sahani za tanuri ndipo pana shida: ukikuta zimeliwa unahitaji mchomeleaji mwenye cheti cha vyombo vya presha, na huyo ana bei.

Bei. Uingereza walitumia pauni milioni 4.2 kuifufua Flying Scotsman, injini yao maarufu ya mvuke, kuanzia 2006 mpaka 2016. Nilimsomea mzee namba hiyo. "Hizo ni pesa za watu wanaolipwa kwa saa," akasema, na akanipa chapati nyingine.

Alhamisi

Mjomba alitaka kupanda treni, nami nilitaka kuona njia. Tulipanda ya Syokimau kutoka stesheni kuu, tukakaa upande wa dirisha. Ni ile ile reli ya mita moja. Makumbusho yameunganishwa nayo, kwa hiyo Gelai akiamka ana mlango wa kutokea.

Nilitazama kama mtu wa maji. Matangi ya injini ile yanabeba galoni 8,600, karibu lita 39,000. Zamani kila stesheni kubwa ilikuwa na bomba refu la kuteremshia maji. Leo ungeita maboza manne ya lita elfu kumi, tena yawe maji mazuri, kwa sababu maji yenye chumvi yanajenga gaga kwenye mirija na unarudi kwa mzee wa Kaloleni kabla mwaka haujaisha. Mafuta mazito yanapatikana, viwanda bado vinayachoma. Marekani wana injini namba 4014, Big Boy, iliyorudi barabarani 2019, na hao waliigeuza kutoka makaa hadi mafuta na wanaichoma mafuta machafu ya magari yaliyosafishwa upya. Nilifikiria Grogan, gereji zile zote za Kirinyaga Road na madebe yao ya oili nyeusi. Mjomba akasema harufu yake ingefukuza watalii. Labda.

Syokimau tuliteremka kutazama ile reli mpya, SGR, iliyofunguliwa 2017. Upana milimita 1,435. Mjomba alisimama akaupima kwa hatua, akatikisa kichwa. Gelai hawezi kukanyaga pale. Njia yake ni hii ya zamani tu, tena isubiri treni za abiria zipite, ifuate ratiba ya wengine kama mgeni kwenye nyumba aliyoijenga.

Tukirudi ndipo tulipogombana, kwa adabu. Mimi nilisema waanze na Nyaturu. Ni injini ya kawaida, seti moja ya silinda, maji kidogo, mafuta kidogo, haitishi madaraja. Itumike kufundishia vijana, wachome, wakosee, wajifunze, kisha baada ya miaka ndipo wafungue Gelai. Kule Uingereza boila ya injini ikishafufuliwa hupewa kama miaka 10, halafu mirija yote inatolewa tena. Kufufua ni mkopo, na hujachukua mkopo wa jitu kabla hujalipa wa mtoto.

Mjomba akasikiliza mpaka Imara Daima. "Injini kama Nyaturu wanazo hata Wahindi," akasema. "Nyaturu anahitaji kugeuzwa kila akifika mwisho wa njia. Gelai anakwenda mbele na nyuma sawasawa. Na watu watakuja kutoka Japani kumwona, kwa sababu hayuko kwingine." Akanyamaza kidogo. "Halafu hiyo miaka yako. Mimi nina sabini na tatu."

Sikuwa na jibu. Lakini sijabadilisha maoni, nimeandika hapa ili yajulikane.

Ijumaa

Leo ni siku ya kurudi. Asubuhi tulikwenda makumbusho tena, sisi wawili tu uani, na vijana fulani wakipaka ukuta rangi kwa mbali. Nilimwomba mjomba apande kwenye kibanda cha dereva anielezee jinsi ya kumwasha kutoka baridi, hatua moja baada ya nyingine, nirekodi kwa simu. Michoro ya boila inaweza kupatikana kwenye kabati fulani duniani. Haya mengine yako kichwani mwa watu ninaoweza kuwahesabu kwa vidole, na mmoja wao ni kiziwi.

Alikaa upande wake wa fayaman, akafumba macho. Mikono ikaanza kabla ya mdomo. Mkono wa kushoto uliinuka ukashika vali ya mafuta moja kwa moja, bila kupapasa.

Hatua ya kwanza sikuitarajia. Kichomeo cha mafuta hakiwaki chenyewe, kinahitaji mvuke wa kupulizia mafuta yawe ukungu. Lakini injini ni baridi, mvuke unatoka wapi? "Kwa jirani," akasema. Shedini kila mara palikuwa na injini nyingine iliyowaka, walivuta bomba kutoka kwake. Injini moja ilimwasha mwenzake. Leo Nairobi nzima hakuna jirani. Ingebidi kuanza na kuni kwenye tanuri mpaka mvuke kidogo upatikane, au kukodisha kompresa. Kuni nikamwambia naziweza. Alifungua jicho moja akacheka.

Akaendelea. Kioo cha maji kwanza, usiamini kimoja, angalia vyote viwili. Moto mdogo, mdogo kabisa, saa nyingi, maana boila nene kiasi hicho ikipashwa kwa haraka inajivuta na kupasua mirija kwenye maungio. Sikiliza. Chuma kikipata joto kinaguna, na mguno una hatua zake. Mafuta mazito nayo yapashwe, yakiwa baridi hayatiririki. Ukifika paundi mia jaribu injekta, ile ya kusukumia maji ndani ya boila. Paka mafuta kila kikombe, mbele na nyuma, na usisahau viungo vya mviringo vinavyopeleka mvuke kwenye injini mbili, vile vinavyopinda. Kwa dakika arobaini na sita hakufumbua macho tena isipokuwa mara moja, mlinzi alipokuja kuuliza kama tuko sawa.

Mwishoni alivuta kamba ya honi. Haikulia, bila shaka. Alishuka taratibu, kinyumenyume, kama wanavyoshuka watu wa reli, na akaniambia tutachelewa matatu.

Niko njiani sasa, tumepita Naivasha, giza limeingia. Nimeisikiliza rekodi yote kwa spika za masikio. Kuna kitu hakipo. Kabla ya kufungua mvuke wa kuondokea lazima ufungue madreni ya silinda, maji ya mvuke uliopoa humo yatoke, la sivyo pistoni inayagonga na kupasua kifuniko. Hata mtoto wa boila anajua. Nimempigia.

"Mjomba, umeruka madreni."

"Sikuruka. Nilisema, ukawa unapiga picha kanyagio langu."

Nimerudisha nyuma. Dakika ya thelathini na nane, chini ya kelele za honda fulani barabarani, anasema madreni, mbele kwanza, halafu nyuma, halafu umngoje akohoe.